Sahihi

“Sahihi” tumelipata kutoka Kiarabu, na kwetu lina maana mbili: kisicho na kosa, na alama ya mkono chini ya hati. “Saini”, lililotoka Kiingereza, lina ile ya pili tu. Mimi nashikilia sahihi, hasa nikiwa katika soko la Kimironko, Kigali, ambako muuza vitenge na mteja wake humalizana kwa simu, bila kalamu wala karatasi. Huko sahihi haijatoweka; imehamia ndani ya simu.

Katika simu za Android, kila programu hutiwa sahihi na mtengenezaji wake, au kwa niaba yake, kwa ufunguo wa siri. Simu huihakiki sahihi hiyo kwa ufunguo wa umma, pacha wa ule wa siri. Toleo jipya likiwa na sahihi ya ufunguo usiotambulika, au likiwa limechezewa hata kidogo baada ya kutiwa sahihi, simu hukataa kulipokea. Hapo maana zote mbili hukutana: alama ya mwenyewe, na uthibitisho kwamba kitu ni kizima.

“Ufunguo” ndilo linalonisumbua. Limezaliwa na kufungua, lakini ufunguo huu wa umma, uliopendekezwa na wataalamu wa usimbaji fiche Diffie na Hellman mwaka 1976, haufungui chochote hapa. Unapima. Ningeuita mizani, kama ile ya muuza maharage, ambayo kila mpita njia anaruhusiwa kuitazama.