Dawa ya saratani inayoganda ndani ya mwili

Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi na kuyeyuka jua likipanda. Wataalamu wa dawa wametengeneza jeli yenye tabia ya kinyume: ikiwa baridi hutiririka, lakini ikipata joto la mwili, nyuzijoto 37 hivi, huwa nzito kama mafuta ya kujipaka.

Ina faida gani?

Dawa nyingi za saratani hupitishwa kwenye mshipa na kuzunguka mwili mzima. Hushambulia saratani, lakini huumiza pia sehemu nzima, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hutapika na kunyonyoka nywele. Jeli huweka dawa pale penye uvimbe na kuishikilia hapo.

Mfano ni saratani inayoota ndani ya figo, kwenye njia ya mkojo. Dawa ya majimaji ikiwekwa hapo, mkojo huiosha kabla haijafanya kazi. Kwa miaka mingi tiba ya kawaida ilikuwa kuondoa figo nzima pamoja na mrija wake.

Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha Jelmyto, jeli yenye dawa ya mitomaisini, kwa saratani ya aina hiyo isiyo kali. Jeli hupozwa, kisha daktari huiingiza kwenye figo kwa mpira mwembamba. Ndani huganda, hutoa dawa polepole kwa saa 4 hadi 6, kisha huyeyuka na kutoka na mkojo. Mgonjwa hupewa mara moja kwa wiki, kwa wiki 6.

Katika jaribio la wagonjwa 71, zaidi ya nusu hawakuonekana tena na uvimbe walipopimwa baada ya dozi hizo. Kwa mtu aliyebakiwa na figo moja, hiyo ni tofauti kati ya kuishi na figo yake na kusafishwa damu kwa mashine.

Lakini ina madhara. Mrija unaotoa mkojo kwenye figo unaweza kusinyaa na kuziba. Tena, jeli hii haikusudiwi saratani kali wala iliyosambaa.

Kwa hiyo kuwahi ni muhimu. Ukiona damu kwenye mkojo, hata bila maumivu, hata mara moja tu, nenda hospitali. Huenda ni kichocho, ambacho kina tiba, lakini kikiachwa miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu. Usikisie; pimwa.