Ahadi ya Uzeeni: Pensheni na Matibabu ya Wastaafu katika Viwanda vya Chuma vya Marekani, 1949–2003

1. Chanzo cha ahadi

Tarehe 31 Oktoba 1949, mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa chuma ukiwa ungali unaendelea nchini Marekani, kampuni ya Bethlehem Steel ilitia saini mkataba na sendika yao. Mfanyakazi aliyetimiza umri wa miaka 65 na miaka 25 ya utumishi aliahidiwa pensheni isiyopungua dola 100 kwa mwezi, malipo ya uzee ya serikali yakiwa yamehesabiwa ndani yake. Kampuni nyingine za chuma zilifuata. Mwaka 1950 General Motors nayo ilifunga mkataba wa miaka mitano wenye pensheni na mchango wa bima ya matibabu.

Ahadi hizo zilikuwa sehemu ya ujira: mfanyakazi alikubali kupokea pungufu leo ili alipwe siku atakapoishiwa nguvu. Walter Reuther, kiongozi wa sendika ya wafanyakazi wa magari, angependa mzigo huo ubebwe na taifa zima. Lakini mpango wa Rais Truman wa bima ya afya ya kitaifa ulikwama bungeni, na kila kampuni ikabaki mlezi wa wazee wake.

2. Hesabu ilivyogeuka

Mpango wa namna hiyo husimama pale vijana walio kazini wanapowazidi wazee walio nyumbani. Mwaka 1962 General Motors ilikuwa na wafanyakazi 464,000 nchini Marekani, na wastaafu wapatao 40,000. Mwaka 2005 wafanyakazi walikuwa 141,000, na wastaafu 453,000. Mashine mpya na ushindani wa kigeni vilipunguza watu viwandani, na kila aliyeondoka mapema aliongeza safu ya wanaodai. Katika chuma, viwanda vidogo vyenye matanuri ya umeme vilianza upya, bila wastaafu wa kuwatunza, vikauza kwa bei nafuu zaidi.

Hatari ilikuwa imekwisha kuonekana. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend, na maelfu ya wafanyakazi wakapata sehemu ndogo tu ya pensheni yao au wakakosa kabisa. Sheria ya mwaka 1974 ikalazimisha makampuni kuweka akiba ya pensheni, ikaunda na shirika la serikali la kuidhamini kwa michango ya waajiri. Matibabu, hata hivyo, hayakupewa dhamana hiyo. Kampuni nyingi ziliendelea kuyalipia kutokana na mapato ya kila mwaka, kana kwamba mapato hayo hayatapungua kamwe.

3. Kuanguka kwa Bethlehem

Oktoba 2001 Bethlehem Steel iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Wakati huo wafanyakazi wake walikuwa takriban 12,000 tu. Desemba 2002 shirika la dhamana lilichukua mpango wake wa pensheni, likikadiria kubeba upungufu wa dola bilioni 3.7. Tarehe 31 Machi 2003 bima ya afya ya wastaafu na wategemezi wao wapatao 95,000 ilikatizwa. Waliofikisha miaka 65 walikuwa na bima ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1965. Waliostaafu kabla ya umri huo walibaki kujitafutia.

Mwaka huohuo mwekezaji mpya alinunua mali ya kampuni, naye hakurithi madeni hayo. Matanuri yaliendelea kuyeyusha chuma. Gharama haikutoweka: sehemu yake ilihamia kwenye shirika la dhamana, na sehemu nyingine kwenye mifuko ya wazee wenyewe.

4. Hitimisho

Ahadi ni deni, husema Waswahili. Historia hii yaonyesha kuwa deni la miaka 50 lilikabidhiwa kwa mdaiwa asiyeweza kuhakikisha uhai wake wa miaka 50. Wastaafu walilaumiwa kuwa mzigo, ilhali walikuwa wadai waliokwisha kutoa kazi yao. Nchini Kanada, ambako bima ya afya ni ya umma, viwanda vya magari vya kampuni zilezile vilibeba gharama ndogo zaidi ya matibabu. Kilichotofautiana ni nani aliyeandikwa kuwa mdaiwa.