Sahani ya Mama Ntilie, Ilomba

Binti wa visiwani akiolewa Mbeya, sisi huuliza: mchana atakula wapi? Ilomba, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, mama ntilie wapo: wali wa mchele wa Kyela, maharage, mboga, kwa bei nafuu.

Jina lao limetokana na ombi la mteja: “Mama, nitilie.” Miaka ya 1980 maisha yalikuwa magumu nchini, mshahara wa mume hautoshi. Wanawake wengi wa mijini wakaanza kuuza chakula. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwabana wasio na kazi rasmi, lakini hawakuacha. Watoto wengi wamesomeshwa kwa sahani hizo.

Basi bibi harusi, muulize kwa adabu nyama imechinjwa na nani, piga Bismillahi, na bei yake mlipe kamili.