Jinsi amplifaya ya gitaa ilivyogeuka kuwa programu

Leo ninaweka lugha za programu kando kidogo, ingawa mtaona sikwenda mbali. Tangu nilipoanza kutafuta kifaa cha kidijitali cha kuiga amplifaya za gitaa, nimejiuliza mbona menyu zake zimejaa majina ya mitambo ya miaka ya 1950 na 1960. Jibu lake ni historia, na anayeijua hununua kwa busara kuliko anayehesabu idadi ya milio iliyoandikwa kwenye boksi.

Tuanzie California, kwa Leo Fender. Amplifaya zake, kama Bassman ya mwaka 1959, zilitumia valvu: vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, ambavyo wazee wetu walivijua kwenye redio za zamani. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa. Kwa fundi wa redio hiyo ni hitilafu. Kwa mpiga gitaa ni utamu, kwani mkato huo huzaa sauti za juu zinazoipa noti uzito. Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake kule London waliiga saketi ya Bassman kwa vipuri walivyovipata Uingereza, wakapata mlio tofauti. Kwa hiyo kuigana hakukuanza na tarakilishi.

Shida ya utamu huo ni kwamba huja amplifaya ikifunguliwa sana. Sisi tunaoishi kwenye fleti tunajua majirani watasema nini. Mwaka 1982 Tom Scholz, mhandisi aliyesomea MIT na mpiga gitaa wa bendi ya Boston, alitoa Rockman, kijiboksi cha kusikilizwa kwa hedifoni. Mwaka 1989 ikaja SansAmp ya kampuni ya Tech 21, iliyoiga amplifaya na spika kwa saketi ya kawaida, bila hesabu za kidijitali.

Hesabu zilianza kuuzwa madukani katikati ya miaka ya 1990. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995. Mwaka uliofuata Line 6, kampuni ya Marcus Ryle na Michel Doidic, ilitoa amplifaya ya AxSys 212, na mwaka 1998 ikatoa POD, kidude chekundu chenye umbo la haragwe kilichokaa juu ya meza. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoweza kurekodi gitaa usiku bila kuamsha mtu.

Sasa, kwa nini kazi hii ni ngumu? Spika ni rahisi kiasi: ukiongeza kinachoingia mara mbili, kinachotoka nacho huongezeka karibu mara mbili bila kubadilika tabia. Kitu kama hicho hukamatwa kwa rekodi moja fupi, sawa na kupiga kofi moja ukumbini na kusikiliza mwangwi. Valvu haiko hivyo. Ukigusa nyuzi kwa upole hujibu hivi, ukizicharaza hujibu vile, na rekodi moja haitoshi. Lazima uandike tabia ya saketi yenyewe na kuikokotoa maelfu ya mara kwa sekunde.

Kuna mtego mwingine. Kifaa kinachochukua sampuli 48,000 kwa sekunde hakiwezi kubeba sauti ya zaidi ya hezi 24,000. Mkato wa mawimbi huzaa sauti zinazovuka mpaka huo, nazo hurudi chini zikiwa kelele isiyopatana na noti. Dawa ni kuongeza kasi ya sampuli ndani ya hesabu, kisha kuishusha. Dawa hiyo hula prosesa, na ni sababu mojawapo ya vifaa vizuri kuwa ghali.

Axe-Fx ya Fractal Audio ilikuja mwaka 2006 ikiwa na nguvu kubwa zaidi. Mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper akageuza mchezo: kifaa chake hutuma milio maalumu ndani ya amplifaya halisi, husikiliza majibu, kisha huhifadhi picha ya amplifaya hiyo. Leo ipo Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, programu huria inayojifunza kwa mtandao wa neva kutokana na rekodi ya dakika chache tu.

Historia hiyo ndiyo iliyoniongoza kuchagua. Mimi hupiga benga na rumba, ambako noti hukimbizana zikiwa safi na kali. Milio 200 ya roki haikunisaidia. Nilitafuta amplifaya moja safi inayoitikia vidole, na uwezo wa kupakia faili za spika. Katika kujifunza, nilizima mapambo yote nikabaki na amplifaya moja na spika moja kwa wiki kadhaa. Mwangwi ulikuja mwisho. Milio ya jukwaani naitengeneza kwa sauti ya jukwaani, maana sikio husikia besi hafifu sauti ikiwa ndogo. Na nikichomeka kwenye amplifaya halisi ya gitaa, nazima spika ya kuigwa, nisije nikapitisha sauti kwenye spika mbili.

Lakini linalonigusa zaidi ni hili. Menyu hizo ni kumbukumbu, na aliyeziandika ndiye aliyeamua kipi kikumbukwe. Amplifaya zilizochakaa katika kumbi zetu za dansi, zilizorekebishwa na mafundi wetu kwa vipuri vilivyokuwapo, hazimo. Kampuni za ng'ambo hazitakuja kuzitafuta. Sasa mwenye tarakilishi, kifaa cha kurekodia na programu ya bure anaweza kuikamata moja kabla haijauzwa kama chuma chakavu. Kama kuna moja karibu nawe ingali inawaka, usingoje.