Bedford la Tanga na Injini ya Isuzu

Anayeuza lori kuukuu la kazi mkoani Tanga hukutana na wanunuzi wa aina mbili. Mmoja ni mtu wa skrepa, anayehesabu kilo. Mwingine, na huyu ni nadra, anataka kulifufua lirudi kama lilivyotoka kiwandani, na la kwanza analouliza ni kama injini ni ile ile ya asili. Kwa malori ya pwani hii, naona swali hilo limekosewa.

Malori haya yaliletwa na mkonge. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Hindorf, aliuingiza mwaka 1893, reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi 1911, na lori likaja baadaye kufanya kazi ambazo treni haikuziweza: kutoa marobota kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, hadi stesheni au bandarini, kupeleka mahindi ya posho kambini. Chini ya ukoloni wa Waingereza biashara ilielekea Uingereza, ndiyo maana yalikuja Bedford, Leyland na Albion. Hata hivyo, mengi yalishuka melini yakiwa kichwa na chesi tu. Bodi la mbao lilijengwa na maseremala wa huku. Kwa hiyo hata lilipokuwa jipya, nusu ya lori ilikuwa ya hapa. Mwaka 1964 nchi ilivuna takriban tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zikaadimika kabisa. Spea ikawa ya kutafutwa kwa tochi. Fundi alikereza shafti, akahamisha springi za gari lililokufa, akachomelea chesi iliyopasuka. Serikali ilipolegeza uagizaji kuanzia 1984, na magari ya Japani yakaja kujaa sokoni, injini ya Isuzu ikaingia chini ya boneti ya Bedford bila mtu kuona ajabu.

Kuna atakayesema huo ni umaskini tu, tusiurembe. Ni kweli ulikuwa uhaba, na hakuna dereva aliyeutamani. Lakini uhaba huo ndio historia yenyewe ya gari: ukiondoa viraka vyake unaondoa miaka ishirini ya maisha yake. Pingamizi zito zaidi ni la bei, kwamba mkusanyaji hulipia uhalisi. Basi aliyetaka Bedford safi la kiwandani atalipata Uingereza kwenyewe, tena kwa urahisi zaidi. Lenye bodi la seremala wa pwani na moyo wa Kijapani hatalipata huko.

Muuzaji mwenye akili asiifiche injini ya pili, aitaje mwanzoni kabisa, pamoja na shamba lililolitumia lori na gereji iliyolibadili. Na ahakikishe namba ya injini hiyo imeingizwa kwenye kadi ya gari, maana mnunuzi akikuta namba mbili zinagongana atarudi kwenye bei ya kilo.