Forodha Iliyovuka Bahari: Historia ya Kutangaza Mzigo Kabla ya Safari

Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba wa biashara. Kuhusu forodha, mkataba haukuwa na maneno mengi: meli ya Kimarekani ingelipa asilimia 5 ya mzigo ulioshushwa, basi. Mzigo uliobaki ngamani haukumhusu mtu. Unguja, ambako forodha ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, makarani walingoja marobota ya vitambaa vya merikani yafike pwani, wakayahesabu, wakakata fungu lao. Mzigo uliulizwa habari zake ukiwa nchi kavu, safari imekwisha.

Nahodha wa meli kama hiyo, tuseme wa Salem, Massachusetts, alipokaribia kwao na pembe za ndovu na sandarusi, alikuta utaratibu mwingine. Kwa sheria ya 1790, iliyorudiwa mwaka 1799, meli ya raia wa Marekani iliyotoka ng'ambo ilitakiwa kuwa na manifesti tayari kabla haijaingia ligi 4 kutoka pwani, yaani kama maili 12 za baharini. Ofisa wa kwanza kupanda melini aliidai na kutia sahihi mgongoni mwake, ili nahodha asiiandike upya kila alipopunguza mzigo kwa magendo usiku. Mwasisi wa mfumo huo, Waziri wa Fedha Alexander Hamilton, alikuwa amefanya ukarani ujanani katika nyumba ya biashara kisiwani St. Croix. Hila za karatasi za meli hakuzisoma kitabuni.

Ligi hizo 4 ni chimbuko mojawapo la sheria zinazomkosesha usingizi wakala wa forodha wa leo. Tangu hapo mstari umekuwa ukisogezwa mbali zaidi na pwani, na kila uliposogezwa palikuwa na fedheha au msiba uliotangulia.

Fedheha ya kwanza kubwa ilikuwa ya pombe. Kuanzia 1920, Marekani ilipopiga marufuku vileo, meli zilizosheheni chupa zilitia nanga nje ya New York na New Jersey, mahali ambapo sheria haikufika, zikauzia boti za mbio zilizotoka bara. Mwaka 1924 Uingereza na Marekani zilikubaliana kwamba meli inayoshukiwa ingeweza kukaguliwa ikiwa umbali wake na pwani hauzidi mwendo wa saa 1. Si maili tena, ila saa. Wanasheria wa wakati ule waliliona hilo kuwa jambo la ajabu kidogo. Miaka themanini baadaye lingekuwa kawaida.

Kisha likaja kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ya Malcom McLean ilitoka Newark kwenda Houston na makontena 58, na kuanzia hapo mpakuzi wa meli akaacha kuujua mzigo. Zamani kuli alijua gunia la kahawa kwa harufu na pipa la mafuta kwa mikono yake. Sasa alinyanyua sanduku lenye lakiri. Mashirika ya meli, ambayo nayo hayakuona ndani, yalijikinga kwa kuandika kwenye hati ya shehena kwamba kontena "lasemekana" kuwa na kitu fulani, au kwamba lina bidhaa mchanganyiko za kila aina. Kwa karibu nusu karne forodha duniani kote ilizipokea hati hizo. Wingi wa makontena haukuacha nafasi ya kuuliza zaidi, na kodi ililipwa.

Septemba 11, 2001 ilibadilisha hesabu, ingawa silaha za siku ile zilikuwa ndege na si meli. Wiki chache baadaye, katika bandari ya Gioia Tauro kusini mwa Italia, alikutwa mtu ndani ya kontena lililokuwa na kitanda, choo, kompyuta na simu, likielekea Kanada. Ugaidi haukuthibitishwa, lakini picha ilikwisha kuingia vichwani. Mkuu wa forodha ya Marekani, Robert Bonner, alianza Januari 2002 kuomba nchi nyingine zipokee maofisa wake katika bandari zao. Mpango huo ulifika Rotterdam, Singapore, Durban, Alexandria, hata Salalah ya Oman. Maofisa hao, hata hivyo, walihitaji kujua wafungue kontena lipi, na kwa hilo walihitaji habari kabla winchi haijanyanyua chochote.

Ndipo ikatoka kanuni ya saa 24. Ilitangazwa tarehe 31 Oktoba 2002, ikaanza kutumika Desemba 2, na utekelezaji ukaanza Februari 2, 2003. Shirika la meli lilitakiwa kupeleka manifesti Washington saa 24 kabla ya kontena kupakiwa katika bandari ya ng'ambo. Saa zilihesabiwa hadi kupakia, si hadi kufika. Anayekaidi huweza kuambiwa "usipakie", na akipakia, kibali cha kushusha hakitoki. Faini ilikuwa dola 5,000 kwa kosa la kwanza na 10,000 kwa linalofuata. "Lasemekana" na "bidhaa mchanganyiko" zikakataliwa waziwazi.

Kelele zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa na haki. Mawakala wakusanya mizigo, wale wanaopanga bidhaa za wateja kumi ndani ya kontena moja, walitakiwa sasa kulipatia shirika la meli majina ya wateja hao wote, wakati shirika hilo mara nyingi ndilo mshindani wao. Tena manifesti za Marekani ni habari ya wazi kisheria, na wachapishaji wa takwimu za biashara huzinunua na kuziuza. Forodha ilijibu kwa kuwaruhusu wakusanya mizigo kutuma maelezo yao wenyewe moja kwa moja. Kwa maoni yangu ruhusa hiyo ndiyo iliyoiokoa kanuni nzima: bila hiyo watu wangeandika uongo, na orodha ya uongo iliyotumwa mapema haina faida kwa mkaguzi.

Hatua iliyofuata ilimgusa mwagizaji mwenyewe. Kuanzia Januari 26, 2009, na kwa adhabu kamili kuanzia Januari 2010, mwagizaji wa mzigo wa baharini alitakiwa kutoa vipengele 10, na shirika la meli 2: mpango wa makontena yalivyopangwa melini na taarifa za mienendo yake. Katika yale 10 yamo mtengenezaji, muuzaji, mnunuzi, mahali mzigo utakapopelekwa, nchi ya asili, msimbo wa forodha wa tarakimu 6. Hapo biashara iliumbuka. Wanunuzi wengi walinunua kwa madalali ambao kwa makusudi hawakuwatajia kiwanda, maana mnunuzi akikijua kiwanda, dalali hana kazi. Serikali ikalegeza kidogo: jina la aliyefungasha kontena na mahali lilipofungashiwa vingeweza kuchelewa hadi saa 24 kabla ya meli kufika. Vingine 8 havikungoja. Sheria ya usalama ikawa imevunja siri ya soko bila kukusudia.

Angani saa zilikuwa chache zaidi: saa 4 kabla ya kutua Marekani, na kwa safari fupi, wakati ndege inaporuka. Hesabu hiyo ilianguka Oktoba 29, 2010, pale vifurushi viwili kutoka Sana'a vyenye mashine za kuchapia vilipokutwa na vilipuzi, kimoja Dubai, kingine uwanja wa East Midlands, Uingereza. Vilikuwa vimekwisha kuruka. Kimoja kilipanda hata ndege za abiria. Cha Uingereza kilikaguliwa mara ya kwanza kisigundulike. Kilichoviangusha ni nambari za kufuatilia mizigo, zilizotolewa na ujasusi wa Saudi Arabia. Habari ilishinda mashine. Miezi miwili haikupita, Marekani ikaanza kujaribu kupokea maelezo ya mzigo wa ndege kabla ya kupakia, jambo lililokuja kuwa lazima mwaka 2018.

Kwa upande mwingine, sheria ya Marekani ya 2007 iliyotaka kila kontena lipigwe picha za eksirei ng'ambo ifikapo 2012 imekuwa ikiahirishwa tena na tena. Mashine ni ghali, na bandari za watu wengine si za kuamrishwa.

Japani ilianza saa 24 zake mwaka 2014, China mapema zaidi. Ulaya ilianza Januari 2011, kisha ikaja na mfumo mpya kwa awamu: vifurushi vya posta Machi 2021, mizigo ya ndege Machi 2023, meli kuanzia Juni 2024. Kwa mfanyabiashara wa maua wa Naivasha, hii ina maana kwamba waridi zinazokatwa asubuhi lazima ziwe na jina kamili la mpokeaji kabla ya kupandishwa ndege Nairobi. Maua hayavumilii uchunguzi wa siku mbili, kwa hiyo katika biashara yetu hii, kosa dogo la karani ni hasara ya shehena nzima.

Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 nayo inadai taarifa ya meli na shehena saa 24 kabla, lakini huhesabu hadi meli kufika. Kongo ina hati yake ya kielektroniki ya kupata kabla mzigo haujasafiri, ikiwemo mizigo ya Lubumbashi na Goma inayopitia Dar es Salaam na Mombasa. Sura yake ni ileile ya sheria za Washington, ila harufu yake ni ya hazina zaidi kuliko ya usalama.

Chai ya Kericho inayokwenda New York mara nyingi hubadilishiwa meli njiani, tuseme Salalah. Kisheria saa 24 za Marekani huhesabiwa hapo, kabla ya kupakiwa kwenye meli itakayotia nanga Marekani, na si Mombasa. Hata hivyo mashirika ya meli hufunga nyaraka kabla chai haijatoka Mombasa, kwa sababu kontena likiambiwa "usipakie" huko Salalah, gharama za kulihifadhi huandikwa kila siku kwa jina la mwenye chai.