Jina la Wajir si hatimiliki

Kila nikiposti vidio ya Wajir, komenti ni zile zile. Huko kuna joto aje? Mna ngamia wangapi? Maji mnatoa wapi? Wasee wa Nairobi, wacha tuanze na hilo la maji, kwa sababu bila maji hakungekuwa na mji hapa, na hata jina lisingekuwepo.

Wajir imekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji hayako mbali chini. Watu wamechimba visima kwa mkono tangu zamani. Maji yana chumvi chumvi, lakini ngamia hanywi kwa mapozi. Maji yako karibu hivi kwamba ukichimba shimo la choo unaweza kuingia kwenye kisima cha jirani, ndiyo maana mji huu ulitumia vyoo vya ndoo kwa miaka mingi sana. Mnacheka, lakini hiyo ni jiolojia.

Sasa jina. Maelezo utakayoyasikia sana ni kwamba neno Wajir limetoka Kiborana, na maana yake ni kukusanyika pamoja. Inaeleweka. Wakati wa kiangazi, wafugaji wa kila upande wanafuata maji, na maji yako hapa. Wasomali huandika Wajeer. Kabla hujasema ni ajabu mji kupewa jina kwa sababu ya maji, kumbuka Nairobi yenyewe ni Kimaasai cha maji baridi.

Ukizunguka Kaskazini Mashariki, majina yanakuongelesha. Habaswein ni Kisomali: vumbi kubwa. Na vumbi hilo liko karibu na kinamasi cha Lorian, pale mto Ewaso Nyiro unapoishia. Halafu kuna El Wak, upande wa Mandera. "El" ni kisima (Eldoret haihusiki, tulieni). "Wak" ni Waaq, jina la Mungu ambalo Waoromo na Wasomali walilitumia kabla Uislamu haujafika. Visima vya Mungu. Sisi ni Waislamu, tunaswali mara tano kwa siku, na bado tunapanda basi la kwenda El Wak bila kufikiria kwamba jina hilo ni la zamani kuliko msikiti wowote wa hapa.

Na nani alichimba visima hivyo? Ukiuliza wazee watakuambia ni Madanle, watu wakubwa wenye nguvu za ajabu walioishi hapa kabla ya kila mtu. Kama walikuwa majitu kweli au la, si hoja yangu. Hoja ni kwamba hadithi yenyewe inakubali kitu ambacho wanasiasa wetu hawataki kukubali: tulikuta visima tayari viko. Kuna mtu alitutangulia.

Hapa ndipo stori inakuwa nzito. Kila msimu wa kura, au malisho yakikauka, lazima atokee mtu wa kutumia historia kama hatimiliki. "Jina ni la Kiborana, kwa hivyo ardhi ni ya Waborana." Mwingine anajibu, "Sisi Wasomali ndio wengi, nyinyi ni wageni." Lakini angalieni Waajuran. Wanahesabiwa Wasomali, na wengi wao nyumbani wanaongea Kiborana. Utawaweka upande gani? Lugha si damu, na jina la mahali halisemi nani afukuzwe. Linasema tu kwamba siku moja watu wenye lugha hiyo walikunywa maji hapa.

Waingereza ndio walioipa tabia hii ya kugawanya watu muhuri wa serikali. Walichora mstari kutenganisha malisho ya Wasomali na ya Waborana, na mwaka 1926 wakaifunga NFD nzima. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Wakati huo huo maofisa wao walijianzishia Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua! Katika mji usio na bahari, ziwa wala mto! Ilikuwa utani wa watu waliochoka na jua, na jengo lake likawa moja ya vituko vinavyotajwa sana kuhusu mji huu. Mimi pia nacheka, lakini nauliza: kwa nini wageni wengi wanaijua klabu ya mashua na hawajui jina la kisima hata kimoja?

Na kuna jina lingine ambalo halina utani. Wagalla ilikuwa uwanja wa ndege tu, kilomita chache nje ya mji. Tangu Februari 1984 si jina la mahali tena, ni jina la msiba. Wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Degodia pale, wakawavua nguo, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, wakawaua. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 ilisema walikuwa karibu 1,000. Katika mji unaoitwa kukusanyika pamoja, watu walikusanywa ili wafe kwa kiu. Ukiongelea turathi za Wajir ukaruka Wagalla, wewe unauza postikadi.

Lakini jina hilo hilo limewahi kuokoa mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilipigana vibaya, hadi sokoni mwanamke hangeweza kununua kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Ni akina mama walioanza kukaa pamoja na kusema soko liwe la wote. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Baadaye wakaingia wazee na vijana, na mwaka 1993 koo zikakubaliana kwenye Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Hakuna aliyeuliza nani alifika kwanza. Waliuliza kesho tutanunua maziwa wapi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msiningoje niandike kitabu. Ninachoomba ni kidogo. Ayeyo wako anajua kisima gani kinaitwaje, kilichimbwa na nani, na kwa nini watu wa ule upande waliruhusiwa kunywa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu kila kisima kina sheria ya kumkaribisha mgeni. Visima vinajaa taka za plastiki na wazee wanaondoka. Wakiisha, atakayetuambia maana ya Wajir ni mgombea mwenye kipaza sauti.

Simu unayo. Rekodi ayeyo leo, kisha niandikie jina la kisima chenu.